Simamisha Ngoma, Nina la Kusema

Mwombe mkazi wa Kisumu aliyekula chumvi kidogo akusimulie usiku mmoja wa muziki asioweza kuusahau. Atakutajia ukumbi, atakutajia bendi, pengine hata shati alilokuwa amevaa. Halafu ngoja afike penyewe. Utakuta kwamba penyewe ni pale muziki ulipokuwa umesimama. Kuna mtu alimnyamazisha mwimbaji akajitaja mpaka meza ya pili ikalia. Kuna umeme uliokatika. Kuna mlevi aliyenyakua maikrofoni akawasalimu watu wa kwao wote, mmoja mmoja, na ng'ombe wao. Na wimbo uliokuwa ukipigwa? "Ulikuwa tu wimbo fulani wa Okatch," atasema kwa haraka, akimtaja mwimbaji maarufu wa Kiluo, kisha arudi kwenye kisa chake.

Zamani niliwaona hawa kuwa wasimuliaji wabovu. Mtu analipa kiingilio asikilize gitaa, anarudi nyumbani na hadithi ya mlevi! Siku hizi naona wanajua wanachosema. Muziki wa jukwaani wa pande hizi za ziwa umeundwa ili ukatizwe. Andaa tamasha lisilokatizika, watu watakuja, watacheza, watapiga picha, na mwezi ukiisha hakuna atakayelizungumzia. Najua dai hilo ni zito, kwa hiyo nianze na ushahidi wangu mwenyewe.

Mama yangu ni Mluo wa Gem, baba ni Mluhya, Mwidakho wa Ikolomani, na nimelelewa na ngoma za pande mbili zisizofanana. Desemba ya 2005 mjomba, aliyekuwa fundi cherehani pale Kibuye, mjini Kisumu, alinipitia jioni akaniambia, "Okewa," yaani mpwa wangu, "leo utaona watu." Alikuwa na mkewe, amevaa gauni la kitenge alilomshonea mwenyewe. Tukaenda mtaa wa Kondele, kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya maduka ya vipuri, palipokuwa na bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo: ngoma zimepangwa kama masufuria ya harusi, orutu moja, ile fidla ya uzi mmoja, kinanda cha umeme, na mwimbaji aliyevaa koti la suti bila shati ndani.

Kabla hatujaingia mjomba alisimama kwa muuza sigara akavunja noti ya elfu moja. Alitaka hamsini hamsini, zote. Nikadhani ni za bia. Ndani nikaelewa. Kila alipotaka kusema aliinua mkono na noti yake, mwimbaji akaashiria, ngoma zikashuka, orutu ikabaki inanung'unika kwa sauti ya chini kama mbu. Mjomba akasimama: yeye ndiye mkasi usioogopa kitambaa, mwana wa Gem, mvua ya kiangazi, mume wa binti wa Uyoma. Ukumbi ukaitikia. Noti ikaingia kwenye mfuko wa koti la mwimbaji, ngoma zikapanda. Dakika moja baadaye bwana mmoja wa meza ya ukutani akainua mia, akasema kwamba mkasi huo anaujua, ulimharibia suruali mwaka juzi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mjomba akatoa hamsini nyingine ajibu. Alikuwa na hamsini ishirini, yaani alikuwa amenunua haki ya kusema mara ishirini, wakati tajiri aliyekuja na noti za elfu angesema mara tatu akanyamaza. Hesabu hiyo ya fundi cherehani naiheshimu mpaka leo.

Alikuwa amekwishalipa noti yake ya tisa, hajafungua mdomo, umeme ukakatika. Spika zikafa, kinanda kikafa. Kwa sekunde kadhaa hakukuwa na kitu ila vyupa. Halafu ikasikika sauti yake gizani, bila maikrofoni, ikiendelea na zamu aliyoinunua. Hakuna aliyemkatiza. Aliwataja wazee wake waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yake mpiga orutu akawa anafuata kila jina kwa uzi wake mmoja. Wimbo uliokuwa ukipigwa siukumbuki hata kidogo.

Waluo huita jambo hili pakruok, kutoka pako, yaani kusifu. Ni majigambo: mtu hujisifu, humsifu rafiki, kijiji, mke, gari, hata kidonda chake akitaka. Wasomaji wa Pwani watasema hata wao wanayo, ni kutuza katika taarabu. Naomba tusiyachanganye. Kwenye taarabu mtu huinuka na noti yake, akaenda kwa mbwembwe mpaka kwa mwimbaji, akampa, na wimbo haukomi. Analipia maneno ya mwimbaji kwa sababu yamempiga mpinzani wake palepale panapouma, na ukumbi mzima unajua ni nani. Kwenye pakruok anayelipa ananunua kimya. Anamwambia mwanamuziki: yako nimeyasikia, sasa shusha ngoma, yangu haya. Mshairi wa taarabu hukopesha ulimi wake. Jathum, mwanamuziki wa Kiluo, hukodisha nafasi, na ulimi unakuja nao mwenyewe.

Nafasi hiyo ni ya zamani kuliko umeme. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane ikiegemea chini, mguuni kavaa pete ya chuma anayogonga nayo mbao. Mtu mmoja anakuwa gitaa, ngoma na mwimbaji. Mtu kama huyo hana bendi ya kuipungia mkono. Ukimtupia sarafu anasimama papo hapo, anakusikiliza, na akianza tena jina lako tayari limo kwenye mstari. Matangani, ambako nyatiti ilikuwa na kazi nyingi kuliko mahali pengine popote, wafiwa na wageni walijitambulisha hivyo: huyu ni mkwe, huyu ametoka mbali, huyu aligombana na marehemu lakini amekuja.

Benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ilipozaliwa, miaka ya 1960, wapiga gitaa walichukua mdonoo wa nyatiti wakauhamishia kwenye nyuzi za umeme. Mtu anayetajwa kwanza karibu kila mara ni Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, mwaka 1940, na bendi yake ya Shirati Jazz. Ila gitaa za umeme zilikuja pamoja na santuri, na hapo pakawa na shida. Uso mmoja wa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, ulibeba dakika chache tu. Benga ya ukumbini inaweza kwenda robo saa. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza mbele, sehemu ya pili nyuma, msikilizaji anainuka kuigeuza santuri pale tu gitaa zinapoanza kukimbia. Nimegeuza nyingi za baba yangu, zikiwemo zilizotoka kwa Chandarana, watengenezaji wa santuri wa Kericho, na kila mara nilihisi kama mtu ameniziba mdomo nikiwa natafuna.

Sikiliza sasa kilichobaki ndani ya hizo dakika chache. Majina! Benga imejaa majina ya watu ambao wewe na mimi hatutawajua kamwe: fulani wa Siaya, fulani wa Homa Bay, mhasibu fulani, dereva fulani, binti fulani mwenye macho makubwa. Mgeni husikia hapo nyimba za mapenzi na salamu. Mimi nasikia risiti. Hao ni watu waliosimamisha muziki ukumbini, wakalipa, wakakumbukwa mpaka studio. Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka, walioirudishia benga nguvu katika miaka ya 1990, walilifanya hilo kuwa sanaa kamili, kiasi kwamba ukiondoa majina kwenye baadhi ya nyimba hubaki na gitaa peke yake. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani hapahapa Kisumu, Mei 2006, na santuri zake zipo. Lakini wazee niliokaa nao wakimzungumzia hawaanzi na santuri. Wanaanza na fumbo alilolitoa katikati ya nyimba mbili, mfano wa mnyama au kisa cha Biblia, na jinsi watu walivyotazamana kabla ya mmoja kuthubutu kucheka.

Kuna sababu ya kimfuko pia, na tusijifanye haipo. Kanda za kaseti zilipoanza kurudufiwa vichochoroni, mauzo ya muziki yalianza kufa, na siku hizi utajaziwa flashi nzima ya ohangla kwenye steji ya matatu kwa bei ya chai na mandazi. Mwanamuziki anaishi kwa jukwaa. Kiingilio anagawana na mwenye baa, au hakipati kabisa. Pesa ya pakruok inaingia mfukoni mwake usiku uleule, taslimu, bila ankara. (Jinsi inavyogawanywa kati ya mwimbaji na mpiga ngoma ni habari nyingine, na imevunja bendi nyingi kuliko ulevi.) Kwa hiyo rekodi ni tangazo la ukumbi. Anayelalamika kwamba vijana wa ohangla wanarekodi nyimba zilizojaa majina ya wafadhili analalamikia bango kwa sababu lina namba ya simu.

Hata hivyo kuna malalamiko ninayoyakubali. La kwanza ni kwamba mwenye pesa ndiye mwenye mdomo. Ujanja wa mjomba wa hamsini hamsini ulifanya kazi kwa sababu ukumbi ulikuwa wa watu wa kawaida. Mwaka wa uchaguzi akiingia mgombea na wapambe kumi, mafundi cherehani wote wa Kibuye wakichanga hawamwezi. Nimewahi kukaa nusu saa nzima nikisikiliza ahadi za barabara, ngoma zikinung'unika nyuma kwa adabu. Huo nao ulikuwa ni wimbo uliokatizwa, na siukumbuki kwa uzuri wowote. Tofauti naiona hivi: mjomba alipojigamba, bwana wa meza ya ukutani angeweza kumjibu kwa mia. Mgombea hajibiwi. Pakruok isiyojibiwa ni mkutano wa hadhara wenye kiingilio.

La pili ni wanawake. Katika kumbi hizi mwanamke hutajwa usiku kucha, binti wa huku, nyota wa kule, na ni nadra yeye mwenyewe kuinua noti. Mke wa mjomba usiku ule alitajwa mara tano au sita kwa jina la kwao. Alikuwa ameketi ubavuni mwangu anakunywa soda, na kila alipotajwa alitazama meza.

Upande wa baba hakuna biashara hii, lakini mlango uleule upo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, na mwimbishaji mmoja anaongoza safu za wanaume na wanawake. Harusini, msibani, siku ya kupewa mtoto jina, siku ya fahali kupigana, ni hiyohiyo. Mwimbishaji hashiki wimbo aliokariri nyumbani. Anaangalia mbele yake. Akimwona bibi harusi analia, anaimba hilo. Akimwona shemeji ametoka Nairobi na viatu vyeupe kwenye matope ya Ikolomani, Mungu amsaidie shemeji. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa mafundi wengi wamezeeka na warithi ni wachache. Tangu hapo nimeiona mara nyingi zaidi kwenye viwanja vya ndege na kwenye hafla za serikali, dakika nne, wachezaji wamevaa sare, mgeni rasmi anapita anapunga mkono. Ngoma ni zilezile tatu. Mwimbishaji haangalii mtu. Anaimba karibu mheshimiwa, na kesho ataimba karibu mheshimiwa mwingine. Kama huko ndiko kuokolewa, nina wasiwasi na mwokozi.

Machifu nao wamepiga vita disko matanga, yaani dansi za usiku kwenye mikesha ya misiba, kwa miaka mingi, na wana haki: wasichana wadogo wamedhurika katika mikesha hiyo, hilo halina utetezi. Ila kila tangazo la marufuku huzungumzia spika na saa. Hakuna linalouliza watu walikuwa wanatafuta nini mle. Nilichokiona katika mikesha ya kijijini kwetu ni mtu kutoa shilingi ishirini wimbo upigwe, na mwingine kutoa hamsini uzimwe, pesa zikaenda kwenye sanduku la mazishi. Ni nyatiti ileile, imevaa plagi.

Sasa niseme kuhusu tamasha kubwa. Miaka michache iliyopita nililipa kiingilio kizuri kuingia uwanjani hapa Kisumu. Msanii nyota, simtaji, wala waandaaji siwataji. Uzio wa kwanza ulitutenga na barabara, wa pili ulitutenga na viti vya wakubwa, wa tatu uliwatenga wakubwa na jukwaa. Nyota alipanda saa tisa usiku. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, kwa hiyo hata alipoishusha maikrofoni kunywa maji, aliendelea kuimba. Alituuliza, "Kisumu mpo?" Tukasema tupo. Akauliza tena. Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyokuwa nayo. Alikuwa mzuri, sauti ilikuwa safi, taa zilipendeza. Nikijaribu kuukumbuka usiku ule napata matope na foleni ya choo.

Wenzangu husema nazeeka, kwamba vijana wanataka viwango, ratiba, usalama. Wanavitaka, na wanastahili. Lakini ratiba yenye dakika arobaini kwa kila msanii na sauti iliyorekodiwa kabla inafunga mlango wa mwisho: hata mwimbaji mwenyewe akitaka kusimama, mashine haisimami. Ukumbi wa mabati una mpiga orutu anayemtazama mwimbaji usoni. Uwanja una kijana nyuma ya kompyuta anayetazama faili.

Tusidhani hili ni la Waluo na Waluhya pekee. Nilifanya kazi Nakuru miaka miwili, na huko Ijumaa ni ya mugithi: mtu mmoja, gitaa moja, nyimba nyingi za wengine. Mugithi ni treni kwa Kikuyu, na saa tano ikishafika watu wanashikana mabega, wanajipanga mabehewa, wanazunguka meza hadi jikoni. Mwimbaji anabadilisha maneno kulingana na treni inavyopita mbele yake. Huyu kapara, yule kamleta shemeji badala ya mke. Treni ikiharibika kwa sababu mtu ameanguka, gitaa linasimama aokotwe. Mwulize mtu wa Nakuru kuhusu mugithi wake wa kukumbukwa, atakwambia ni nani alianguka.

Halafu ikaja kafyu ya korona, kuanzia tarehe 27 Machi 2020 hadi tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi 19, na nikapata jaribio ambalo nisingeweza kulipanga. Kumbi zilifungwa, wanamuziki wakaanza kupiga mubashara kwenye simu. Nilitazama wengi. Mwanzoni waliimba tu, wimbo baada ya wimbo, na idadi ya watazamaji ikawa inashuka mbele ya macho yangu. Wiki chache baadaye mmoja akaweka namba ya M-Pesa chini ya skrini, na mtu kando yake mwenye simu ya pili. Ujumbe ukiingia, anamgusa bega. Mwimbaji anashusha gitaa, anasoma: mwana wa Alego, sasa yuko Doha, anasema yeye ni chuma cha reli. Mwingine anajibu kutoka Eldoret. Watazamaji wakapanda, wakakaa. Muziki haukuwa bora kuliko wiki iliyotangulia. Kwa kweli ulikuwa mfupi zaidi, kwa maana ulikatizwa kila dakika mbili. Simu, chombo nilichodhani kitaimaliza pakruok, iliipa kiti.

Mjomba alifariki mwaka 2022. Kwenye mkesha, kule Gem, familia haikuweza kulipa bendi. Tulimpata mzee mmoja wa orutu na vijana wawili wa ngoma, tukawasha taa ya sola juu ya mwembe. Wanaume walijitaja, wakamtaja marehemu, mkasi usioogopa kitambaa, na mzee wa suruali iliyoharibika alikuwepo pia, ametoka Kisumu kwa bodaboda, akalipa mia yake akasema suruali ile bado anaivaa.

Usiku umekwenda sana, mke wa mjomba akatoka ndani. Alikuwa na bati la biskuti ambalo mjomba alikuwa akiwekea vifungo. Akatoa noti ya hamsini, akainua mkono. Mzee wa orutu akasita kidogo, kisha akashusha uzi wake.

"Mimi ndiye binti wa Uyoma," akasema. "Mmenisikia nikitajwa miaka thelathini. Ameniachia cherehani mbili na madeni. Cherehani nitazikanyaga mimi. Madeni, wenyewe mnajuana."

Watu walicheka, wengine wakalia. Akampa mzee noti, akageuka arudi ndani. Orutu haikuanza.

"Pesa yako haijaisha, mama," mzee akamwambia.

Akasimama mlangoni, bati mkononi. Kisha akarudi chini ya taa, akaanza upya, safari hii kwa jina lake mwenyewe.